Baba Yuko Ghorofani

Agossi alizaliwa akitanguliza miguu, na kwetu Ouidah mtoto wa hivyo hupewa jina hilohilo kabla kitovu chake hakijakauka. Mkunga alisema mtoto huyu ametaka kwanza apapase ardhi kwa nyayo aone kama itambeba. Labda alikuwa anatania. Lakini miaka sitini na saba baadaye mtaa mzima wa Tove ulikuwa bado unayarudia maneno yake, tena bila kucheka.

Mwanamke yule hakuwa na kitu alichokikubali mara moja. Kwetu mgeni akiingia hupewa maji, na anayempa huonja kwanza ili mgeni aone hakuna sumu. Wengi wetu tunaonja kwa mazoea tu, midomo inagusa bakuli na basi. Agossi alikuwa anatazama koo. Koo lisipopanda na kushuka, alirudisha bakuli na kusema, "Meza." Alimfanyia hivyo hata padri, Jumatatu ya Pasaka, na padri akameza.

Kazi yake ilikuwa kuuza akasa, uji wa mahindi uliogandishwa, soko la Zobe. Akasa yake ilikuwa laini, yenye chachu ya kutosha ulimi kuamka, imefungwa kwenye jani bila tone kuvuja, na hata wasiompenda waliinunua. Kila kifurushi alikikunja kona kwa namna anayoijua mwenyewe, mtu asije akauza ya ovyo kwa jina lake. Mume alikuwa naye, Mungu amrehemu. Waliishi pamoja miaka thelathini, na marehemu alipozikwa watu walisema amepumzika, wakimaanisha hivyohivyo.

Basi mtu kama huyo ndiye aliyekuwa shangazi mkuu wa ukoo wao. Kwetu mwanamume huvikwa kofia ya mkuu wa nyumba, akakaa kwenye kiti, akasuluhisha ugomvi wa mipaka na wa wake. Wafu, hata hivyo, ni wa shangazi. Ni yeye anayewaita kwa majina yao ya sifa, anayewamwagia maji na kinywaji, anayewaambia nani amezaliwa na nani ameoa. Na kila mfu wa heshima ana asen yake kwenye chumba cha marehemu: fimbo ya chuma iliyochomekwa ardhini, juu yake sahani, na juu ya sahani mhunzi ameunda vijisanamu vinavyosema huyu alikuwa nani. Hapo ndipo mfu anapokuja kuketi akiitwa. Asipokuwa na asen, atakaa wapi? Atasimama mlangoni akiwatazama wenzake wakila.

Asen ya baba yao, mzee Zannou, ilijulikana mji mzima. Mzee alikuwa mpeperusha bendera wa reli, enzi treni ikipita Ouidah. Mhunzi Akpovi alimwekea behewa dogo, jogoo mmoja, na mtu aliyeinua bendera kwa mkono wa kushoto. Mama yao alipoiona alitaka kuirudisha. Mkono wa kushoto! Si wa kumpa mtu kitu, si wa kusalimia, iweje umwakilishe mumewe mbele ya wafu wote? Akpovi alikataa kubadilisha. "Nimemwona akifanya kazi miaka ishirini," alisema. "Alikuwa anatumia wa kushoto, na treni zilisimama."

Miaka minne iliyopita asen hiyo ilitoweka.

Ilitoweka wiki ya tatu tangu mdogo wake Agossi, Dansou fundi cherehani, avikwe kofia ya mkuu wa nyumba. Agossi hakumtaka Dansou. Alisema waziwazi kwenye kikao kwamba mdogo wake ni mtu wa kunyamaza, na anayenyamaza ana kitu mdomoni. Ukoo ukamchagua vilevile. Wiki tatu baadaye shangazi mkuu anafungua chumba cha marehemu, anakuta shimo mahali pa baba. Na mwezi uleule nyumba ya Dansou ikaezekwa mabati mapya, yanang'aa mpaka majirani wanakunja macho. Kila mtu alijua kuna wafanyabiashara wanaozunguka kutafuta vyuma vya zamani kuwauzia matajiri. Dalili ya mvua ni mawingu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Agossi, na tangu siku hiyo hakula tena kwa ndugu yake.

Kila mwaka sikukuu ya wafu ilipofika, aliwaita wote mmoja mmoja, na akifika zamu ya baba alinyamaza. Alimtazama Dansou mbele ya ukoo mzima. "Baba ana njaa," alisema, "na anayejua sababu amekaa hapa na kofia kichwani." Dansou alikuwa akitazama mikono yake, hajibu. Mtaa ukaamua kwamba asiyejibu amekiri. Nami nilisema hivyo pia, siwezi kujitoa.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Jumatano moja ya Novemba, Ablawa muuza samaki wa kukaanga, jirani yake wa meza sokoni, alipokuja akihema.

"Shoga, nimemwona baba yako."

"Baba yangu ana miaka kumi na tisa kaburini."

"Ndiye huyohuyo. Yuko ghorofani, kwenye jumba la sanaa. Nilimfuata mjukuu wangu na shule yake. Amesimama kati ya wenzake anapunga bendera. Mkono wa kushoto, Agossi. Kushoto!"

Agossi aliweka chini jani alilokuwa analifunga. Fifame, binti wa Dansou, alikuwa mwaka wa pili sasa anawatembeza watu kwenye jumba hilo. Mwizi na mwenye funguo za ghala, nyumba moja. Miaka minne alikuwa anatafuta uzi, na leo ameletewa nguo nzima.

"Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna."

"Muuza nyanya?"

"Yeye tu," alisema Ablawa, na Agossi akajua soko zima lina habari.

Kesho yake asubuhi alimwachia Ablawa biashara, akamwonya mara tatu, akavaa nguo ya kanisani. Ndani ya kitambaa cha kiunoni alifunga chupa ndogo ya pombe kali ya sodabi, chupa ya maji, na kokwa moja ya kola.

Jumba lenyewe ni majumba mawili, yamekaa ubavu kwa ubavu mtaa wa nyuma ya basilika, rangi ya manjano, madirisha ya mbao ya kijani, roshani za chuma zilizosokotwa kama shada. Yalijengwa na ndugu wawili wa ukoo wa Peregrino, Waaguda, wale wazee wetu waliorudi kutoka Brazili na majina ya Kireno na mapishi ya maharage. Sasa familia imetawanyika, na majumba yamejaa sanaa ya siku hizi.

Kwenye ngazi za mbele alikutana na mlinzi, Barnabé, kijana mpole mwenye tumbo la mzee.

"Karibu Mama. Kuingia ni bure."

"Bure kwa nini?"

"Ni bure tu, Mama. Kwa kila mtu."

"Nani analipa taa?"

"Kuna shirika."

"Na hilo shirika linataka nini kwangu?"

Barnabé alikuna shingo. "Linataka uangalie tu."

"Mtu akikuonyesha kitu bure, kuna kingine anakificha," alisema Agossi, akapanda. Barnabé aliomba amwekee kikapu alichobeba. Alimpa kikapu, kitupu, na akamtazama mpaka alipokifungia na kumkabidhi namba. Kiunoni hakuguswa.

Ajabu ni kwamba moyo ulimdunda kwa sababu ya ngazi tu. Mama yao alikuwa akifua nguo kwenye jumba hili miaka kumi na mmoja, na Agossi mtoto alikuja naye kila Jumanne, lakini mlango wao ulikuwa wa nyuma, wa jikoni. Hakuwahi kukanyaga vigae vya mbele. Alikanyaga sasa kwa ncha za vidole, kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Shangazi! Umekuja!" Fifame alitokea na fulana yenye jina la jumba, uso umejaa furaha ya kweli. Furaha hiyo ikamfanya Agossi azidi kushuku.

"Kumbe ulikuwa unanitegemea?"

"Mwaka wa pili huu nakuomba uje!"

"Haya. Nitembeze. Usiruke chumba."

Chumba cha kwanza kilikuwa na kitanda cha watu wawili kilichotengenezwa kwa chumvi tupu, mpaka mito. Agossi alikizunguka mara mbili.

"Nani analala hapa?"

"Hakuna, Shangazi. Msanii anazungumzia ndoa za wavuvi. Mume yuko baharini, kitanda kinabaki chumvi."

"Na mvua ikivuja?"

"Kitayeyuka."

"Basi huyo amesema kweli kuhusu ndoa," alisema Agossi, na Fifame akacheka. Shangazi yake hakucheka. Alichovya kidole na kuonja, ahakikishe ni chumvi.

Chumba cha pili kilikuwa na kandambili mia kadhaa zimening'inizwa kwenye dari, zote za mguu mmoja. Agossi alitaka kujua za mguu wa pili ziko wapi na nani amezichukua. Cha tatu kilikuwa na luninga moja, mwanamke ndani yake anaosha sahani ileile, anaiosha, anaisuuza, anaiosha tena.

"Ana nini huyu?"

"Msanii anatuuliza doa lipi halitoki."

"Angetumia majivu."

Walitoka kwenye ujia unaounganisha majumba mawili, na hapo dirishani Agossi akauona ua wa nyuma. Mlango wa jikoni ulikuwa palepale. Pale yaliposimama mabeseni, sasa kulikuwa na meza ndogondogo na watu wanakunywa kahawa. Alisimama. Mwaka aliokuwa na miaka tisa, kitambaa cha meza cha Kireno, chenye lesi, kilipotea kwenye nyumba hii, na mama yao alifukuzwa kazi mbele ya wapishi. Mwaka uliofuata wakati wa kupaka rangi, kilikutwa nyuma ya kabati. Mpishi ndiye aliyekuja kuwaambia, kwa siri. Wenye nyumba hawakuja. Mama alingoja Jumapili nyingi, kila akisikia hatua anafunga kilemba upya, kisha akaacha kungoja.

"Shangazi, umechoka?"

"Ghorofani kuna nini?"

Fifame alisita. Kidogo tu, lakini Agossi alikuwa ametazama makoo maisha yake yote, na akaliona hili likipanda na kushuka.

"Ghorofani kuna asen," alisema Fifame. "Nilitaka nikuandae kwanza. Usije ukakasirika."

"Kwa nini nikasirike, mwanangu? Nina sababu?"

Walipanda. Chumba kilikuwa kirefu, sakafu ya mbao imefunikwa udongo mwekundu, na juu ya udongo zimesimama asen arobaini na kitu, zimebanana. Wageni wawili, Mfaransa na mkewe, walikuwa wanazunguka polepole, mikono nyuma. Fifame akaanza maneno aliyofundishwa, kwamba msanii anauliza ni nani anayewakumbuka waliosahauliwa.

"Hawa hawajasahauliwa," alisema Agossi. "Hawa wameibwa."

"Hapana, Shangazi. Nyingi ni mpya. Zinatoka karakana ya..."

Agossi hakuwa anasikia tena. Alikuwa ameliona behewa. Alikuwa amemwona jogoo. Na kando ya jogoo, bendera juu, mkono wa kushoto, baba yake.

Alikuwa amekuja kama polisi, na sasa alikuwa mtoto anayemwona baba akirudi kutoka stesheni. Miaka minne! Wenzake wanakula, yeye amesimama kwenye nyumba ya Waaguda anatazamwa na watu wenye mikono nyuma.

"Fifame," alisema kwa sauti nyororo ambayo ingemshtua yeyote anayemjua, "nitafutie kiti, mwanangu. Miguu."

Msichana alipotoka tu, Agossi alivua viatu, akaingia kwenye udongo, akafungua kitambaa chake. Alimwaga maji mara tatu chini ya fimbo. Akamwaga sodabi, akainua sauti, na akamwita. Zannou mwana wa Houton, aliyesimamisha chuma kwa kipande cha kitambaa, mkono uliokatazwa uliookoa watu, njoo, ni mimi binti yako niliyekuja kwa miguu, njoo uketi, njoo unywe, njoo ule. Aliita kama anavyoita shangazi mkuu, kwa kifua, na jumba lile lenye dari za juu likaipokea sauti na kuipeleka mpaka kwenye meza za kahawa.

Kisha akapasua kola vipande vinne na kuvirusha. Viwili vikaangukia tumbo, viwili mgongo. Mfu akijibu hivyo, hakuna cha kuuliza tena. Amesema: ndiyo, ni mimi, niko hapa.

Mfaransa na mkewe walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Mama!" Barnabé alikuwa mlangoni, amekimbia ngazi, anahema. "Mama, hairuhusiwi kugusa!"

"Sijagusa. Nimemwagia."

"Mungu wangu. Mungu wangu, udongo wote..."

"Mwite mkuu wa nyumba yetu," alisema Agossi, amesimama katikati ya vyuma, miguu mitupu, machozi yanamtiririka na hayapangusi. "Mwite Dansou mwana wa Zannou, aje aseme mbele ya baba bei aliyomuuzia. Fifame! Mpigie simu babako."

Fifame alikuwa amefika na kiti. Alikiweka chini, akapiga simu, na hakusema zaidi ya maneno matano.

Dansou hakuchukua muda, duka lake liko karibu na basilika. Aliingia na utepe wa kupimia bado shingoni, chaki kwenye vidole. Aliwatazama watu. Alitazama udongo uliolowa, vipande vya kola, dada yake. Kisha akaiona asen, na hapo alishika fremu ya mlango.

"Umemwita?" aliuliza.

"Nimemwita. Na amekuja. Tazama kola."

"Umemlisha hapa?"

"Ulitaka nimlishe wapi, mwizi wee? Si ndipo ulipomleta? Sema sasa. Ulimfunga kwenye nini ulipomtoa? Ulimpakia pikipiki? Baba yako mzazi!"

"Dada, hii siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo ile ya zamani. Hii ni mpya. Niliiagiza mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo, na Agossi akatambua hajaisikia kwa muda mrefu, sauti ya mdogo wake. "Tazama chini ya sahani. Ile ya zamani ilikuwa na njuga tisa, mama alizihesabu. Hii ina saba. Mtoto wa Akpovi alisahau, nami sikuwa na moyo wa kumrudishia."

Agossi alitazama. Hakuamini, akahesabu tena kwa kidole. Saba.

"Ya zamani iko wapi?"

Dansou alikaa kwenye kiti kilicholetwa kwa ajili ya dada yake. Alizungumza akitazama sakafu. Wiki ya tatu tangu avikwe kofia, alisema, aliingia peke yake kufagia chumba cha marehemu. Asen ya baba ilikuwa imeinama. Aliishika ainyooshe, na ikakatika mkononi mwake, hapo inapoingilia ardhini.

Barnabé, aliyekuwa anatafuta ufagio, aliacha kutafuta. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua maana yake. Asen ikianguka mkononi mwa mkuu mpya wa nyumba, mfu amesema: huyu simtaki. Shangazi mkuu anapaswa kutangaza, na ukoo unapaswa kuivua kofia.

"Nikang'oa na kipande kilichobaki, nikaizika," alisema Dansou. "Kwenye chumba alimozikwa baba mwenyewe, upande wa kichwa chake. Kisha nikaagiza nyingine kwa Akpovi mtoto. Nilitaka nikuambie, uje uichomeke, umwite. Bila wewe ni chuma tu. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Akpovi amechoka kuniwekea, na huyu msanii alipokuja kununua vyuma karakanani, akampa vyote."

"Na mabati?"

"Upatu, Dada. Zamu yangu ilifika. Ungeuliza."

"Ukakubali niseme wewe mwizi! Miaka minne! Mbele ya wanao!"

"Mwizi bado ni mtoto wa nyumba," alisema Dansou. "Anayekataliwa na baba yake ni mtoto wa nani?"

Agossi alifungua mdomo. Alitaka kusema kilikuwa chuma kimeoza tu, Ouidah chumvi ya bahari inakula hata misumari ya kanisa, kila mtu anajua. Dansou akamwahi.

"Ningekuambia ni kutu, ungeniamini?"

Fifame alikuwa amesimama kando ya baba yake, anamtazama shangazi yake bila kupepesa. Agossi angeweza kusema ndiyo. Uongo wa kawaida, wa kufunika aibu, watu husema kila siku. Lakini baba alikuwa ameitwa na alikuwa amekaa pale, na mbele yake shangazi mkuu hasemi uongo.

"Nionyeshe," alisema.

Fifame ndiye aliyeumia. "Shangazi! Hata sasa?"

"Nionyeshe. Twende."

Huku nyuma waliacha kasheshe. Barnabé alitaka kujua udongo wenye sodabi unafagiwa au haufagiwi. Fifame alieleza kwamba kazi hiyo ni mali ya msanii hadi Machi, na Barnabé, ambaye shangazi yake mwenyewe ni shangazi mkuu kule Savi, alimjibu kwamba mfu akishakula mahali, hapo si mali ya msanii tena, na kwamba yeye mguu wake hauingii mle mpaka aliyemwita arudi. Chumba kilifungwa kamba. Mfaransa aliuliza maonyesho yanayofuata ni saa ngapi.

Ndugu wawili walitembea kwenda nyumbani, Dansou mbele, Agossi nyuma hatua nne, jua la saa sita utosini. Watu waliwatazama. Soko lilikuwa limeshajua. Njia nzima Agossi alikuwa anamtazama ndugu yake kisogo, akitafuta dalili: anapunguza mwendo? anageuza njia? anataka kumtuma mtu atangulie? Dansou alitembea mwendo mmoja. Shati lake lilikuwa limeshonwa tena begani kwa ustadi, mahali lilipochakaa.

Chumba cha baba kilikuwa kitupu na baridi, sakafu ya udongo uliosuguliwa. Agossi alimwaga maji yaliyobaki, akamwomba mzee radhi kwa kumsumbua mara mbili kwa siku moja. Dansou alivua kofia yake, akaiweka juu ya dirisha, akapiga magoti na jembe fupi. Alichimba bila haraka, upande wa kichwa.

Udongo ulitoka laini. Kiganja kimoja, viganja viwili. Hakuna kitu. Agossi alisogea karibu, akainama, mikono kwenye mapaja. Viganja vitatu. Masikio yalikuwa yamesimama kusikia jembe likikata udongo, udongo tu.

Jembe likagonga chuma.

Dansou aliendelea kwa mikono. Akatoa kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya chai, akakifungua. Behewa lilikuwapo. Jogoo alikuwa amepoteza mkia. Mtu wa bendera alikuwa ameliwa na kutu mpaka uso, na fimbo ilikuwa imekatika pale alipopasema, imeoza kama mti wa mchwa. Njuga tisa.

Na Agossi akasikia moyo wake unashuka. Haukushuka kwa nafuu, wala kwa furaha ya kumpata baba. Ulishuka kama wa mtu aliyepoteza kesi. Hapo ndipo alipojijua, mwanamke wa miaka sitini na saba: tangu ghorofani, njia nzima, alikuwa anaomba shimo litoke tupu.

Aliinua macho akamkuta Dansou anamtazama. Alikuwa ameliona. Katika miaka minne ya kuitwa mwizi hakuwahi kuwa na uso ule aliokuwa nao sasa.

"Nisamehe," alisema Agossi. Neno hilo lilitoka likikwaruza, halijatumika. "Mdogo wangu. Nisamehe."

Dansou alikifunga chuma kwenye kitambaa chake, akakirudisha ndani, akaanza kusukuma udongo.

"Mwambie Baba," alisema. "Mimi nipe muda."